Kichwa cha Mwisho Kwenye Bango

Mtu wa Voi akitaka kujua wenzake wanaionaje pua yake, huenda kwa Maundu. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kati ya fundi wa viatu na mama anayeuza mitumba ya watoto, na kazi iliyoandikwa mlangoni ni ya mabango: bei za nyama, majina ya saluni, mshale wa kuonyesha choo. Zamani kazi hiyo ilimtosha. Siku hizi mwenye duka hutuma picha kwa vijana wa kompyuta, na kabla ya jioni amepewa bango la plastiki linalong'aa, lenye kuku mnono ambaye hajawahi kuonekana Voi nzima. Maundu hakugombana na mashine. Aliiachia kuku, yeye akabaki na vichwa.

Vichwa vyake si vya kumpendezesha mtu. Mteja anaketi juu ya kreti ya soda, Maundu anamtazama kwa muda ambao mahali pengine ungeleta ugomvi, halafu penseli inaanza kutembea. Paji la uso lililokuwa pana linakuwa uwanja wa mpira. Meno yaliyotangulia kidogo yanafika kabla ya mwenyewe. Dereva mmoja wa lori la mkonge, mtu wa mashavu, alikabidhiwa karatasi ambayo macho yake yalichungulia juu ya mashavu kama majirani wawili nyuma ya ua. Alicheka hadi akaegemea mlango. Akaibandika karatasi ndani ya lori, na safari iliyofuata akamleta tanboi wake, msaidizi wa lori.

"Huyu naye mpakie," alisema. "Na usimhurumie."

Kupakia ndilo neno lao hapo kibandani, na Maundu hakulibuni. Alilipata katika hoteli moja ya watalii kando ya mbuga, alikokuwa akipaka rangi vyumba. Jikoni kwa wafanyakazi kulikuwa na kalenda kutoka Ulaya, kichwa kimoja kila mwezi, vyote vimechorwa Italia na Uingereza katika karne ya kumi na nane: padre mwenye kidevu cha ngazi tatu, mpiga fidla aliyeinama kama korongo, bibi ambaye nywele zake za bandia zilikuwa ndefu kuliko mwili wake. Mpishi mkuu, Mwitaliano aliyekuwa na haraka siku zote, alimkuta Maundu amesimama mbele ya padre huyo na brashi inadondosha rangi sakafuni. Badala ya kugomba akamweleza. Kwao, alisema, michoro ya namna hiyo ilipewa jina kutokana na kitendo cha kupakia mzigo, kama unavyompakia punda. Unachukua uso wa mtu unaongeza mzigo, unaongeza, mpaka karibu uanguke, lakini hauanguki. Mwaka ulipokwisha kalenda ikatupwa kwenye pipa, na Maundu akaitoa humo, akaifuta mafuta ya kupikia, akaenda nayo nyumbani.

Karne hiyo ya kumi na nane ilipenda sana kujicheka. London watu walisimama barabarani mbele ya vioo vya maduka ya picha, matajiri na wachukuzi bega kwa bega, wakitazama mawaziri waliogeuzwa viazi. Roma ilijaa vijana wa Kiingereza waliotumwa na wazazi kwenda kujifunza ustaarabu, na walichokifanya wengi wao ni kukaa na marafiki kwa mchoraji na kumwomba awapakie: huyu tumbo, yule pua, mwingine miguu ya fito. Walirudi kwao na picha hizo wakazitundika ukutani, mbele ya wageni. Mtu huelewa haraka kwamba hazikuwa matusi. Aliyechorwa hivyo alikuwa mmoja wa kundi, na si vigumu kuamini kwamba aliyeumia ni yule ambaye hakuchorwa kabisa.

Maundu hakusoma habari hizo popote, lakini soko lilimfundisha mambo yaleyale. Anao mpaka wake. Hapakii kovu wala jicho lililopofuka. Hachori mtu aliyesukumwa na wenzake kuketi. Mzigo, anasema, unawekwa juu ya kile ambacho mtu alipewa kwa wingi. Na hachori wakwe. Wateja wake Wadawida, wenyeji wa milima ya Taita, humcheka kwa hilo, kwa kuwa yeye ni Mkamba, na Wakamba wa siku hizi mjini wengi wao hukumbatiana na wakwe zao mlangoni kama watu waliopotezana kituoni. Maundu alilelewa na nyanya yake, na nyanya huyo alishika nthoni, ile heshima ya ukwe inayomtaka mwanamume asikutane macho kwa macho na mama wa mke wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mkiwa boma moja, kuna ukuta kati yenu. Jina lake hulitaji.

Ikawa bahati kwamba Mama Nzuki, aliyemzaa mkewe Wanza, ni wa mkondo huohuo. Anaishi Mboghoni, upande wa Taveta, na mwanawe Nzuki, kwenye shamba la ndizi linalonyweshwa kwa mfereji. Tangu siku Maundu alipomwoa Wanza, yeye na mama mkwe wake walikuwa wamepishana kwa ustadi mkubwa. Kanisani siku ya harusi mama alikaa nyuma ya nguzo. Picha za harusi zilipoletwa, Maundu alizipitisha haraka zile za upande wa bibi arusi. Alimjua mama mkwe wake kwa sauti iliyotoka nyuma ya ukuta, kwa kikohozi chake, na kwa mkono uliokuwa ukipitisha sahani mlangoni. Akimtaja kwa sifa, alisema kweli: hajawahi kukosana na yule mama hata siku moja.

Basi Tryphena Wakio akataka bango.

Wakio ni Mdawida wa milimani aliyehamia Voi, muuza ndizi, na mdomo wake hauna likizo. Aliona wenzake wote wana mabango ya plastiki na ndizi za plastiki, akaamua lake liwe na watu. Alimwagiza Maundu achore upande wa kushoto wa ubao safu ya wanawake wanaomletea ndizi kutoka Taveta, kila mmoja kichwa chake, na upande wa kulia aandike NDIZI TAMU.

"Mkamba wewe, wapakie mpaka mteja asimame," alimwambia. "Akisimama tu, kazi yako imekwisha, yangu imeanza."

Jumamosi wanawake walifika na pikapu, wakashusha mikungu, wakaketi ukutani kupumzika. Maundu akaja na karatasi zake, akiwasalimu kwa sauti. Wanne wa kwanza walimkodolea macho, wakimtania, wakimwuliza kama mkewe anajua anavyotazama wake za watu, naye akawachora wanavyotaniana. Wa tano alikaa mwisho kabisa wa safu, mama mtu mzima aliyejifunga leso ya buluu kichwani. Maundu alipoinua penseli kumwelekea, mama huyo aligeuka akatazama ukuta wa choo cha soko, akavuta leso, akabaki hivyohivyo bila kusema neno.

Mchoraji mwingine angemwacha. Maundu alidhani ni haya za mgeni, na Wakio alikuwa amesema wote. Zaidi ya hayo, ule uso wa pembeni ulikuwa zawadi. Pua ilitoka chini ya leso kama kona ya meza. Kidevu kilipanda kuifuata, na mdomo ukajificha katikati kama mtoto kati ya wazazi wanaozozana. Vichwa vingi vya kalenda yake vilichorwa pembeni, na kwa mara ya kwanza Maundu aliona mmoja wao amekaa mbele yake, mzima, ananusa ndizi. Alichora haraka asije akageuka. Hakugeuka. Kila Maundu alipomtazama zaidi ndivyo alivyozidi kumpa upande.

Wiki nzima alikipaka rangi kichwa hicho, na hakuna kitu alichowahi kutengeneza kilichompendeza hivyo. Bango lilipopandishwa, watu walisimama kweli. Waliwacheka wanne, lakini wa mwisho walimpiga picha, picha zikasambaa kwenye simu, na Wakio akauza mikungu yake yote kabla ya saa sita.

Wanza hushona sare za shule upande mwingine wa mji na hana kawaida ya kupita sokoni katikati ya wiki. Siku alipopita alikuwa anatafuta sukuma wiki. Alirudi nyumbani bila sukuma wiki. Maundu alikuwa ameketi nje akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, na mkewe akaja kusimama mbele yake.

"Baba Syokau, kwenye bango la Wakio, yule wa mwisho ni nani?"

"Sijui jina lake. Mama mmoja wa Taveta."

"Ni mama."

"Ndiyo, mama mtu mzima hivi, ana leso ya—"

"Ni mama yangu."

Maundu aliendelea kusafisha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. Wanza alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba. Jumamosi ile mama alikuja na pikapu ya wanawake ili aonwe meno na daktari. Alimsubiri Wanza amfuate hapo sokoni, wakaenda wote, na akalala kwa shangazi yao mtaa wa Birikani kama afanyavyo siku zote, kwa sababu hawezi kulala nyumbani kwa mkwe. Kuhusu soko alisema tu kwamba lina makelele. Hakusema kwamba mkwe wake, aliyemtambua kwa sauti tu, alisimama mbele yake na karatasi. Hakusema kwamba angeinuka angelazimika kumpita usoni, kwa hiyo alifanya kilichobaki, akageuka.

"Miaka yote hii," Wanza alisema, "umemwoa binti yake, na mama yangu hujui sura yake?"

"Ningeijuaje? Ndiyo heshima yenyewe."

"Sasa tazama heshima ilivyokaa pale sokoni na kidevu."

Wote wawili walisema kweli. Maundu alijua kosa lake lina uzito gani. Mwanamume aliyekutana na mama mkwe wake njiani kwa bahati mbaya ana la kujieleza. Yeye alikuwa amemkazia macho, akahesabu mikunjo ya kidevu chake, akaupandisha uso huo juu ya mikungu ya ndizi, na mji mzima ukaucheka. Boma la Mboghoni linaweza kumfungia mlango kwa jambo hilo. Wanza angekwenda kwao peke yake, watoto wangekwenda bila baba, na kwenye kila harusi na kila msiba upande ule kungekuwa na kiti kitupu kisichoulizwa mwenyewe yuko wapi. Siku zile hakuchora kichwa chochote. Wateja waliokuja aliwaambia macho yanamsumbua.

Nzuki alipiga simu mwishoni mwa wiki. Ni mtu wa maneno machache. Picha imefika hata huku, alisema, na mama ameiona. Jumamosi waje yeye na Wanza. Waje na mbuzi na blanketi. Kisha akaongeza kwamba mama amesema bango nalo liletwe.

Wakio alikataa kulitoa. Aliposikia sababu alikaa juu ya gunia na kucheka mpaka leso ikamwanguka, halafu akafuta macho na kumwambia alichukue, ila akifukuzwa na wakwe asimletee kesi. Pikapu ya ndizi iliyokuwa ikirudi tupu ndiyo iliyowabeba: Maundu, Wanza, mbuzi, blanketi, na ubao uliofunikwa gunia, nyuso zikiwa zimelala chini. Mwatate hadi Taveta Maundu alifanya mazoezi ya kuomba radhi. Alikuwa na maneno mazuri juu ya pua.

Mboghoni walipokelewa vizuri, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Nzuki alimpa kiti nje ya jiko, kikielekea ukuta. Mbuzi alifungwa kwenye mti wa mpapai karibu naye. Ubao uliegemezwa, gunia likaondolewa, na nyuso tano zikalitazama boma lote. Ndani ya jiko kikohozi kilisikika. Maundu aliinamisha kichwa.

Mama Nzuki hakusema naye. Alisema na mbuzi.

"Mbuzi," sauti ilitoka dirishani, "muulize aliyekuleta. Wale wanawake wanne wa mwanzo, amewapa macho mangapi kila mmoja?"

Maundu alimgeukia mbuzi. "Mawili, mama," alimwambia.

"Na wa mwisho?"

Mbuzi alitafuna. Maundu aliinua macho kwenye ubao kana kwamba hesabu ingekuwa imebadilika. "Moja."

"Haya. Sasa mwambie, tangu picha hiyo ifike huku, kanisani wananiuliza jicho lingine liko wapi. Mmoja ameniombea."

"Mama, kuhusu pua—" Maundu alianza.

"Nani ametaja pua? Pua ni yangu, na kabla yangu ilikuwa ya baba yangu. Pua ameipata sawasawa." Kulikuwa na kishindo cha sufuria ikiwekwa chini. "Mbuzi, mwambie hivi. Wale walimkodolea macho bila adabu, wakapewa uso mzima. Mimi nimemheshimu, nimepewa nusu."

Wanza, aliyekuwa ameketi mlangoni, alijifunika mdomo kwa mkono. Nzuki alitazama migomba. Maundu alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa kufukuzwa. Lawama hii hakuitazamia, na ilikuwa ya haki.

Ndipo Nzuki akaeleza mbuzi na blanketi ni vya nini. Katika ukoo wao mama mkwe ana ruhusa ya kuuondoa ule ukuta, akitaka mwenyewe na wakati wake ukifika. Mkwe analeta mbuzi, anamfunika mama kwa blanketi jipya, na tangu siku hiyo wanatazamana kama watu. Nyanya yao alifanya hivyo na baba yao. Mama alikuwa akingoja uzee umsukume. Bango limemsukuma mapema.

Mkono wa kumfunika ulipaswa kuwa wa Maundu, lakini yeye alimsukumia Wanza blanketi, naye akaingia nalo jikoni. Walipotoka, Maundu aliona kwanza viatu vya kanisani, kisha pindo la leso, kisha ule mkono aliokuwa akiujua kwa kupokea sahani. Halafu akapandisha macho mpaka mwisho.

Hakuwa amefikiria kwamba naye anatazamwa. Mama Nzuki alimchunguza bila haraka, upande huu na upande ule, kama anavyochunguza mkungu kabla ya kuukata. Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega chini ya blanketi.

"Wanza," alisema, "hukuniambia habari za masikio."

"Ulinikataza nikueleze sura yake, mama."

"Nilikukataza, ndiyo. Lakini kitu kama hiki mtu huonywa." Alicheka sasa waziwazi, huku ameshika ukuta. "Ni pikapu iliyoachwa milango wazi."

Maundu aliyashika masikio yake kwa mikono miwili. Alikuwa amepakia nusu ya Voi, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alianza kucheka taratibu kama mtu anayejaribu kiatu, na alipoona kinamtosha akacheka mpaka mbuzi akavuta kamba.

Kazi ilianza baada ya chai. Ilibidi kichwa cha pembeni kifunikwe kwa rangi nyeupe, na Maundu alikifunika mwenyewe, kuanzia leso, akiiacha pua mwisho. Kilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kuchora. Alivuta brashi juu yake mara mbili. Mama Nzuki aliketi mbele yake juu ya kinu kilichogeuzwa, amejifunika blanketi kwenye jua kali, akakataa kulivua.

Kwa mbele uso huo ulimpa taabu. Pua iliyokuwa imejitangaza pembeni sasa ilimjia moja kwa moja, fupi na ya kawaida, na kidevu kikarudi mahali pake. Alifuta, akaanza upya. Alichokuwa hajakiona sokoni ni nyusi, nene, zilizokaribia kushikana, na chini yake macho madogo yaliyokuwa hayaachi kucheka hata mdomo ulipotulia. Akayapakia hayo. Aliyaongeza mpaka yakajaa uso, na nyusi zikapanda juu kama paa la nyumba lililoinuliwa na upepo.

Mama alilisogelea bango. Alihesabu macho kwa kidole: moja, mbili. Akaridhika. Kisha akatazama nafasi ndogo iliyobaki kati ya kichwa chake na maandishi.

"Na hapa?"

"Hapo hakuna kitu, mama."

"Jichore hapo. Nimekaa sokoni siku zote hizo bila mtu wa kwetu."

Maundu alijichora haraka, kwa aibu, kichwa kidogo cha mtu wa heshima. Mama Nzuki alikitazama, akatikisa kichwa, akamwambia aongeze masikio. Aliongeza. Akamwambia aongeze tena. Nzuki, ambaye hakuwa amecheka tangu asubuhi, alisogea karibu na kusema la kulia bado. Wanza alishika kopo la rangi. Sikio la kushoto lilipoanza kuingia kwenye leso ya mama yake, na la kulia lilipofika herufi ya kwanza ya NDIZI na kuifunika mguu, Mama Nzuki alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono ndani ya blanketi, akasema sasa anamjua mkwe wake.